Zawadi Yenye Masikio

Kila ninapofundisha historia ya Vita Baridi, huanza na zawadi. Mwaka 1945, watoto wa Kisovieti walimkabidhi balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Ilitundikwa katika makazi ya balozi hadi 1952, ilipobainika kuwa ndani yake mlikuwa na kinasa sauti kisicho na betri, kilichoamshwa kwa mawimbi ya redio kutoka nje.

Leo masikio hayo tunayanunua wenyewe. Spika za nyumbani zilizounganishwa na intaneti husubiri kuitwa. Kwa hiyo maikrofoni zake hazilali. Mwaka 2017 ilidhihirishwa kuwa Amazon Echo za awali zingeweza kugeuzwa chombo cha kudukulia na mtu aliyezitia mkononi. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani na Japani waliziamuru spika kwa mwale wa leza, hata kupitia kioo cha dirisha.

Balozi alidanganywa; sisi huridhia masharti tusiyoyasoma. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini sheria haizimi maikrofoni. Mtumishi wa umma anayezungumzia siri za ofisi sebuleni kwake na aizime kwanza.