Ng'ombe wa Katayama, nyani wa Gombe na ngozi ya maabara

Mwulize mtu wa mwaloni, Kigoma au Ujiji, kama anaweza kukaa wiki nzima bila kugusa maji ya ziwa au ya mto. Atakucheka. Mtumbwi unasukumwa majini, nguo zinafuliwa majini, watoto wanaoga humo humo. Kwa hiyo swali la kichocho huku si la mtihani tu: mnyoo unapitaje kwenye ngozi, wakati kazi ya ngozi ni kuzuia?

Zamani hata wataalamu walibishana. Theodor Bilharz aliiona minyoo hii Cairo mwaka 1851, lakini kwa zaidi ya miaka 50 haikujulikana kama inaingia kwa mdomo au kwa ngozi. Mwaka 1909, huko Katayama, Japani, Akira Fujinami na mwenzake walitumia ng'ombe. Wengine walifungwa midomo wasinywe maji, wengine wakafunikwa miguu isilowe, kisha wakapelekwa kwenye maji yenye ugonjwa. Waliofungwa midomo waliambukizwa. Waliofunikwa miguu wakasalimika. Basi mlango ni ngozi. Miaka michache baadaye, mwaka 1915, Robert Leiper akathibitisha kule Misri kwamba kichocho cha Afrika nacho hupitia kwa konokono wa majini.

Sasa rudi nyumbani. Kaskazini ya mji wa Kigoma ipo Gombe, alikofika Jane Goodall mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Miaka ya 1990 watafiti waliripoti kwamba nyani wa hifadhi hiyo wana Schistosoma mansoni, mnyoo ule ule unaoleta kichocho cha tumbo kwa watu. Nyani naye ana ngozi, na naye anavuka vijito.

Tazama mpangilio: kila hatua ya kujua imepita kwenye mwili wa kiumbe fulani. Ng'ombe, panya, nyani, halafu watu. Huko Leiden, Uholanzi, watu 17 walijitolea kuambukizwa kwa viluwiluwi vya kiume tu, ili mayai yasitagwe mwilini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Je, hakuna njia nyingine?

Ipo, angalau kwa sehemu ya swali. Mwaka 1975, Marekani, James Rheinwald na Howard Green walionyesha namna ya kuotesha seli za ngozi ya binadamu maabara zikaendelea kugawanyika. Baadaye wengine wakaziinua seli hizo juu ya utando, chini zikipata chakula, juu zikiguswa na hewa. Zile za juu hukauka na kufa, zikishikana kwa mafuta, kama matofali na udongo wa kujengea. Hilo ndilo tabaka linalozuia. Mapema miaka ya 1990 watafiti wa Marekani waliweka viluwiluwi vya kichocho juu ya ngozi ya namna hiyo, vikapenya.

Vinapenyaje? Kiluwiluwi huvutwa na joto na mafuta ya ngozi, hasa asidi ya linoleiki. Kisha hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha njia, na mkia unabaki nje. Ni kazi ya dakika chache.

Hapo ndipo Kigoma, nchi ya michikichi, inapokuwa na swali lake. Je, ukijipaka mawese kabla ya kuingia majini, utakuwa umejikinga? Usikimbilie kusema ndiyo. Karibu asilimia 10 ya mafuta katika mawese ni ya linoleiki hiyo hiyo, ingawa ndani ya mawese nyingi imefungamana, haiko huru. Huenda yakazuia, huenda yakaita. Swali la namna hii ndilo linalofaa kuanza kuulizwa kwenye ngozi ya maabara, si kwenye mguu wa mtoto.

Lakini tusiipambe kupita kiasi. Ngozi ya maabara kwa kawaida haina damu, haina vinyweleo, na huvujisha zaidi kuliko yako. Kitu kikipita pale, bado hujathibitisha kwamba kitapita kwako.

Na kumbuka, prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, haifungi mlango. Mtu anatibiwa leo, kesho anarudi majini kwa sababu chakula kiko huko. Kwa hiyo choo, maji safi na dawa ndivyo vinavyotangulia. Ngozi ya maabara inatusaidia kuujua mlango vizuri, bila kumtoa mtu mwingine sadaka.