RAMU NA BOMBA LA RISASI (Sehemu ya 3)

Haya ndugu zangu, tuendelee. Jana niliwaacha Barbados, karne ya 17: Waafrika waliofanywa watumwa wanakata miwa, na molasi inayobaki kwenye sukari inachachushwa na kuwa ramu. Leo twende kwa wagonjwa. Mimi nesi bwana, siwezi kusimulia pombe nikaruka wodi.

Huko Karibiani na Marekani ulizuka ugonjwa wa ajabu. Tumbo linasokota vibaya mno, choo hakitoki, halafu mikono na miguu inalegea hadi kupooza. Watu wa North Carolina wakalalamika kwamba ramu ya New England inawaua.

Kumbe shida ilikuwa kwenye mtambo! Vichwa na mabomba ya kupozea mvuke vilitengenezwa kwa madini ya risasi. Mvuke wa pombe una asidi, unakula risasi kidogo kidogo, unashuka nayo mpaka kwenye kikombe. Mwaka 1723 Massachusetts ikatunga sheria kupiga marufuku mabomba hayo. Benjamin Franklin alikuwa kijana tu wakati huo, lakini hakusahau. Aliisimulia habari hiyo kwenye barua yake ya mwaka 1786.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Sheria ipo tangu 1723, lakini mwaka 1788 daktari wa jeshi la Uingereza, John Hunter, bado anaandika kitabu kueleza kwamba askari wa Jamaica wanaumwa kwa sababu ya risasi iliyomo kwenye ramu. Miaka 65! Elimu ilikuwepo, haikumfikia mnywaji.

Mtasema hayo ya zamani. Jamani, gongo inapikwa kwenye nini mtaani kwako? Unajua? Na kuna wanaochanganya methanoli, ambayo haina harufu ya kukushtua. Dalili zinaweza kuchelewa hata siku nzima: tumbo, kichwa, kuona ukungu, halafu upofu au kifo.

Kwa hiyo ndugu yako akisema haoni vizuri baada ya kunywa, usimwambie alale pombe zimtoke. Mkimbize hospitali, na useme ukweli alikunywa nini. Wengi wanaficha wakiogopa kuchekwa au polisi, nasi tunapoteza muda tukitafuta malaria.

Na sisi manesi tuache kumsema mlevi kabla hatujampima. 

Kesho: mabaharia na ramu yao ya kila siku. Usiku mwema.