Jinsi ya kuokoa kala iliyorefuka na kulegea chunguni

WAPENZI wengi wa maua hununua kala kitaluni ikiwa imesimama wima, majani yake yakiwa mapana na ua likichomoza mithili ya faneli. Wiki chache baada ya kufikishwa sebuleni, vikonyo hurefuka, hupauka na kuinama hadi nje ya ukingo wa chungu. Mwenyewe, akidhani mmea una njaa, huongeza maji na mbolea. Hapo ndipo hasara huanzia, kwani tiba hiyo aghalabu huozesha kiazi kilichomo udongoni na kuua mmea wote.

Kala, ambayo baadhi ya watu huiita arumu, asili yake ni Afrika, hususan kusini mwa bara hili. Wanasayansi huiita Zantedeschia, jina lililotolewa mwaka 1826 na Mjerumani Kurt Sprengel. Imo katika ukoo mmoja na nduma, na atazamaye majani yake hatashangaa kusikia hivyo.

Ni muhimu kutofautisha aina mbili kuu. Kala nyeupe yenye umbo kubwa huota kwenye tunguu, hupenda unyevu na huweza kufikia urefu wa mita moja au zaidi. Kwa hivyo, urefu wake pekee si dalili ya ugonjwa. Kala za rangi, kama vile manjano, waridi na zambarau, huota kwenye kiazi, huwa fupi na haziwezi kustahimili udongo uliotuama maji. Hizi ndizo zinazouzwa zaidi kwenye vyungu vidogo.

Kabla ya kutafuta tiba, sharti chanzo kijulikane. Iwapo vikonyo ni vyembamba, vimepauka na vimeelekea upande mmoja, mmea unakosa mwanga na unaufuata dirishani. Iwapo majani ni mengi, ya kijani kibichi kilichokolea na laini, ilhali hakuna ua, basi mbolea ya naitrojeni imezidi. Iwapo sehemu ya chini ya vikonyo ni teketeke na inanuka, bakteria wa uozo wamekwisha kuingia kwenye kiazi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kikonyo kilichokwisha kurefuka hakirudi kuwa kifupi. Matumaini yamo katika majani mapya. Mmea uliokosa mwanga unapaswa kusogezwa polepole kwa muda wa siku saba hadi kumi, hadi ufike mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Ukitolewa sebuleni na kuanikwa juani ghafla, majani yake yataungua.

Kwa wakazi wa Nairobi, ambayo iko kusini kidogo mwa ikweta, dirisha linalotazama mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima. Dirisha la kaskazini hupata jua zaidi karibu na Juni, na la kusini karibu na Desemba. Chungu kizungushwe robo duara kila baada ya siku chache ili mmea usiegemee upande mmoja.

Mbolea yenye naitrojeni nyingi, kama vile CAN, isimamishwe. Majani mapya yakianza kutokea yakiwa imara, mmea unaweza kupewa mbolea yenye potasiamu zaidi, kwa kiasi kidogo. Majani yaliyolegea kabisa yakatwe karibu na udongo, lakini yasiondolewe yote kwa mara moja, kwani ndiyo yanayokilisha kiazi. Yanayobaki yategemezwe kwa ufito na kufungwa kwa uzi wa katani bila kukazwa.

Kala ya rangi imwagiliwe pale tu udongo wa juu unapokauka kwa kina cha kidole. Chungu kiwe na matundu chini, na sahani yake isiachwe na maji. Mchanganyiko wa udongo, mboji iliyoiva na mchanga mkavu au pumisi hupitisha maji vizuri. Kiazi kifukiwe kwa kina cha sentimita tano hadi kumi, na vikisongamana vitenganishwe. Kilichooza kitupwe pamoja na udongo wake, na kisu kisafishwe kabla ya kugusa kingine.

Aidha, majani ya kala ya rangi yakianza kuwa ya manjano baada ya kuchanua, huenda mmea haufi bali unaingia kwenye mapumziko. Maji yapunguzwe hadi udongo ukauke, kisha kiazi kiachwe kwa miezi miwili au mitatu. Kikichipuka tena kikiwa penye mwanga wa kutosha tangu siku ya kwanza, mara nyingi tatizo la kurefuka halitarejea.

Hatimaye, wenye watoto na mifugo nyumbani wajihadhari. Sehemu zote za kala zina chembe kali za kalisiamu oksaleti, zinazochoma na kuvimbisha mdomo na koo zikitafunwa. Chembe hizo zimo pia katika nduma mbichi, ndiyo sababu nduma haziliwi kabla ya kupikwa vyema. Anayekata majani avae glavu na kunawa mikono, na chungu kiwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto hautafika.