Gurnah: jina la kuazima na kisanduku cha udi

Mzee wa miaka 65 anateremka katika uwanja wa ndege wa Gatwick, kusini mwa London. Pasipoti yake ina jina la mtu mwingine. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, ingawa anakijua vyema.

Ofisa wa uhamiaji anampekua mizigo na kumtwalia kisanduku cha udi. Wazazi wa ofisa huyo nao walikuwa wakimbizi, kutoka Romania.

Huyo ni Saleh Omar, katika riwaya ya By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa mwaka 2001.

Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948, aliondoka akiwa kijana, katika misukosuko iliyofuatia mapinduzi ya Januari 1964. Hakuweza kurejea hadi mwaka 1984, akawahi kumwona baba yake muda mfupi kabla hajafariki dunia.

Ugomvi wa nyumbani

Jina aliloliazima Saleh Omar, msikilizaji, si la kubahatisha. Ni la hasimu wake marehemu, ambaye waligombania nyumba Zanzibar. Naye mtu anayetafutwa Uingereza awe mkalimani wake, Latif Mahmud, mhadhiri anayeishi London, ni mtoto wa marehemu huyo.

Ugomvi wa nyumbani umevuka bahari. Hata hivyo, ni huko ugenini wanapoketi na kusimuliana hadi mwisho, kila mmoja akigundua kuwa alikuwa na nusu tu ya kisa.

Katika Dottie, riwaya ya mwaka 1990, hali ni kinyume. Binti aliyezaliwa Uingereza anaitwa pia Badoura na Fatma, lakini hajui majina hayo yametoka wapi. Saleh Omar anabeba historia yake yote chini ya jina lisilo lake. Dottie ana majina yake, historia hana.

Lugha ya mama

Gurnah alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Lakini riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza, na wengi kati ya watu anaowasimulia hawakuweza kuzisoma.

Mwaka 2022, Paradise ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Mfasiri ni Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa SOAS hapa London. Mchapishaji ni Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam.

Aliyeondoka amekwisha kusema. Sasa waliobaki nao wanaweza kumsoma, wakubali au wabishe, kwa lugha yao wenyewe.