Tope la Majaruba na Sumu za Wadudu

Mkulima wa mpunga atiapo mguu katika jaruba lililojaa maji hukuta juu ya tope utando mwembamba wa rangi ya kutu, na chini yake udongo mweusi wenye harufu nzito, unaotoa mapovu kila ukanyagwapo. Na wengi waliouona wamedhani kwamba udongo ulionyimwa hewa ni udongo uliokufa. Dhana hiyo ilibatilishwa huko Los Baños, nchini Ufilipino, katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga iliyoasisiwa mwaka 1960, zama ambazo dawa zilikuwa zikimiminwa majarubani ili kuuokoa mpunga na viwavi watoboao mashina.

Mwaka 1966 wataalamu Raghu na MacRae walieleza kwamba dawa ya lindeni, iliyosifika kwa kudumu ardhini, ilitoweka katika tope la jaruba, na ilipotiwa mara ya pili ikatoweka upesi zaidi. Lakini katika tope ambalo vijidudu vyake vimekwisha kuuawa, dawa ile ile ilisalia. Ikabainika kwamba si maji yaliyoiondoa, bali viumbe wasioonekana kwa macho, wanaoishi pasipo oksijeni na kuinyofoa dawa klorini yake. Kisha, mwaka 1973, Sethunathan na Yoshida wakatangaza habari za bakteria waliyempata katika maji ya majaruba yaliyotiwa daiazinoni, naye aliifanya sumu hiyo kuwa chakula chake. Kumbe mkulima arudiaye dawa moja msimu baada ya msimu huwalisha wale wanaoila, hata dawa ikapotea kabla haijamaliza kazi aliyoinunulia.

Ama tusidhani kwamba kila kilichovunjika kimetakasika. DDT, ambayo ugunduzi wa nguvu zake juu ya wadudu ulimpatia Paul Müller Tuzo ya Nobel mwaka 1948, ikizama katika tope lisilo na hewa hupoteza klorini moja na kuwa DDD, nayo ni sumu iliyopata kuuzwa kama dawa ya wadudu, tena ni yenye kudumu. Tope limeibadilisha jina, halikuimaliza.

Kwa hiyo yampasa kila mwenye jaruba, kabla hajafungua chupa, aulize mambo mawili: dawa hii hudumu muda gani majini, na ikivunjika huwa kitu gani?