Vuli ya Jena: Uzee wa Sayyida Salme

Hadithi ya Sayyida Salme binti Said bin Sultan husimuliwa Unguja kama hadithi ya usiku mmoja. Ilikuwa 24 Agosti 1866, katika siku za Mwaka, wanawake wa mjini walipokuwa wakiteremka pwani kuoga kama ilivyokuwa ada. Binti wa mfalme, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka 22, alipanda mashua iliyompeleka kwenye manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, na kulipopambazuka hakuwapo. Wasimulizi wengi hupenda kuishia hapo, kwa kuwa pana bahari, pana giza na pana mapenzi, na kwa msikilizaji hayo yanatosha.

Yeye mwenyewe hakuishia hapo. Aliishi miaka 57 mingine. Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg ambaye kwa ajili yake aliacha nyumba, dini na jina, alikaa naye katika ndoa miaka mitatu na miezi michache tu. Ujane wake ulizidi miaka 53. Aliyefariki katika mji wa Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, alikuwa bibi kizee wa miaka 79, mama wa watoto watatu waliokuwa hai, mwenye wajukuu waliozaliwa wakisema Kijerumani. Huyo kizee hana wasimulizi wengi. Yule binti wa mashuani amemfunika.

Watu wa pwani wakitaka kumwona katika uzee wake, huenda ni vyema waanze na majira. Kiswahili hakina jina moja lililozoeleka la msimu ambao Wajerumani huuita Herbst. Kamusi husema "majira ya kupukutika majani", na maneno hayo yenyewe yanatangaza kuwa jambo linalotajwa ni la ugenini. Katika miezi hiyohiyo, tangu Septemba hadi Novemba, Unguja kusi hulegea, demani hupita, kisha mawingu ya vuli hujikusanya na mvua ndogo zikaanza kunyesha. Ni wakati wa kupanda, tena ni wakati wa karafuu kuchumwa, kuchambuliwa vikonyo na kuanikwa juani juu ya majamvi, harufu yake ikafika hata baharini. Mibuyu na misufi ndiyo miti mikubwa inayojivua majani, nayo hufanya hivyo kwa sababu ya ukame, si kwa baridi. Miembe, minazi na mikarafuu haijui habari hiyo. Mtoto aliyelelewa Mtoni hakuwa na sababu ya kudhani kuwa msitu mzima unaweza kugeuka rangi ya kutu kisha ukabaki mifupa.

Jena imo bondeni, kando ya mto Saale, imezungukwa na vilima vya mawe ya chokaa. Vuli ya huko huja na ukungu unaolala juu ya mto mpaka jua lipande. Mchana hufupika siku hata siku, na ifikapo mwisho wa Novemba mwanga haudumu zaidi ya saa nane na dakika chache, ilhali Unguja mchana na usiku hukaribiana urefu mwaka mzima. Katika nyumba za nchi ile, huo ulikuwa msimu wa kuweka akiba: viazi na tufaha ghalani, kabichi iliyokatwakatwa na kutiwa chumvi mitungini, squash za matunda na jamu chupani, makaa ya mawe kwa ajili ya jiko. Jumapili ya mwisho kabla ya majuma ya kungojea Krismasi, Waprotestanti wa Ujerumani huzuru makaburi ya jamaa zao. Mfalme wa Prussia ndiye aliyeiweka siku hiyo mwaka 1816, na imewekwa pale hasa ambapo miti yote imekwisha kuwa mitupu.

Kwa Salme, ambaye huko aliitwa Emily Ruete, wafu wa kukumbukwa siku kama hiyo walikuwa wengi, na walikuwa wametawanyika. Vuli yake ya kwanza ya Ulaya ilikuwa ya 1867, Hamburg. Mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa Aden mwezi Disemba 1866, alikuwa amefia njiani Ufaransa kabla ya safari kumalizika. Mama huyo alikuwa na mimba nyingine, hajui Kijerumani, yumo katika nyumba yenye madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya baridi. Mazungumzo yake na mumewe yalikuwa ya Kiswahili. Jambo hili hutajwa kwa kupita tu katika vitabu vingi, nalo lilistahili kutazamwa zaidi. Maana Agosti 1870, Ruete alipofariki baada ya ajali ya tramu ya farasi, hakuondoka mume peke yake. Aliondoka mtu mmoja ndani ya nyumba ile ambaye kwake mke aliweza kusema neno la kwao likajibiwa. Walibaki watoto watatu: Antonie Thawka, mwenye miaka miwili, Rudolph Said, mwenye mwaka na miezi, na Rosalie Ghuza, ambaye hajatimiza miezi minne. Kila mmoja alibeba jina la Kijerumani mbele na la Kiarabu nyuma, na lugha waliyokua nayo ni ile ya jina la mbele.

Bibi wa pwani huwasimulia wajukuu usiku, taa ikiwa imepunguzwa, naye haoni haja ya kuandika. Salme aliandika, tena kwa sababu ya watoto wake. Katika dibaji ya kumbukumbu zake, zilizochapwa Berlin mwaka 1886, anaeleza kuwa alianza kuziandika miaka kadhaa nyuma ili wanawe waje kujua asili yao, kwani walikuwa wadogo mno kuelezwa, naye afya yake ilikuwa dhaifu hata hakutumaini kuwaona wakikua. Wapenzi wa ushairi hapana shaka watamkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu wa Siu, ambaye mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi unaojulikana kwa jina lake. Mumewe Mwana Kupona, Bwana Mataka, alipigana na Sayyid Said, baba yake Salme. Basi wanawake hawa wawili wametoka pande mbili za vita vimoja, na wote wawili ugonjwa ndio uliowashikisha kalamu kwa ajili ya watoto. Tofauti ni kubwa nayo inauma. Binti wa Siu aliweza kuusoma utendi wa mamake kwa sauti ileile iliyomlea. Watoto wa Salme walisoma habari za Bet il Mtoni katika Kijerumani, lugha ambayo mama yao alijifunza ukubwani.

Na kalamu yenyewe aliiiba. Mabinti wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Katika ua wa Mtoni alimokulia walitembea tausi, paa, mbuni na korongo, na lugha zilikuwa nyingi kama ndege: Kiarabu ndicho kilichoruhusiwa mbele ya mfalme, lakini akigeuka tu, husikika Kiajemi, Kituruki, Kichirkasi, Kihabeshi na Kiswahili.

Kichirkasi kilikuwa lugha ya mama yake, Jilfidan. Hapa ndipo hadithi inapozidi kuwa nzito kuliko mapenzi ya barazani. Jilfidan alikuwa mtoto wa mkulima wa nchi ya Wachirkasi. Wavamizi waliwaua baba na mama yake, wakamchukua yeye na ndugu zake, kila mmoja akaenda njia yake, naye akafikishwa Unguja angali mtoto mdogo. Salme basi hakupata kumjua bibi yake mzaa mama. Alilelewa na mwanamke aliyepoteza lugha, ardhi na ndugu kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe, na ambaye alifariki kwa kipindupindu mwaka 1859, mwanawe akiwa na miaka 15. Tofauti moja haipaswi kufichwa: mama alichukuliwa kwa nguvu, binti aliondoka kwa hiari. Hata hivyo matokeo kwa wajukuu ni mamoja. Salme hakuwa na bibi wa kumwimbia Kichirkasi, na wajukuu wake hawakuzaliwa katika Kiswahili.

Siasa za safari zake za kurudi, 1885 na 1888, zimeandikwa sana na hazihitaji kurudiwa. Bismarck alimtumia kama karata alipomhitaji akamweka kando alipokwisha. Kaka yake Sayyid Barghash alikataa kumwona. Watu wa mjini walimfuata njiani wakimwamkia. Baada ya hapo hakuiona tena Unguja. Hakutaka pia kukaa Ujerumani. Alikwenda Jaffa, kisha Beirut, ambako aliishi tangu 1892 hadi 1914, miaka 22, penye bahari, penye Kiarabu, penye adhana ya mbali. Ndio muda mrefu kuliko alioishi mahali pengine popote ukitoa Unguja, na ni ajabu kuwa wanaomwandikia huupitia kwa sentensi mbili. Watoto walioa na kuolewa. Antonie alifuatana na mumewe, mtawala wa kikoloni wa Kijerumani, hadi Visiwa vya Marshall, akaja kuchapisha mwaka 1907 kitabu cha mapishi ya nchi za joto. Mama hakuweza kurejea kwenye minazi yake; binti akenda kuishi chini ya minazi ya wengine, upande wa wenye bendera.

Mwaka 1914 Salme, mwenye miaka 70, alirudi Ujerumani kwa Rosalie, aliyeolewa na afisa wa jeshi la Prussia, katika mji wa Bromberg. Vuli hiyo, tarehe 20 Septemba, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, mbele ya majumba alimokulia. Nchi ya wajukuu zake ilikuwa inapiga mizinga katika maji ya baba yake. Vita vilipokwisha, Bromberg ikawa ya Poland mwaka 1920, na jamaa ikahamia Jena. Bibi aliyekwisha kuhama mara nyingi akahama tena, safari hii kwa sababu ya mpaka uliochorwa na wengine.

Vuli yake ya mwisho ilikuwa ya 1923, na ilikuwa mbaya kuliko zote kwa nchi nzima. Fedha ya Kijerumani ilianguka hata kufikia Novemba dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa mark trilioni 4.2. Ujira wa asubuhi ulikuwa haununui mkate jioni. Akiba za wajane, hawala za wazee, dhamana za serikali zilizonunuliwa kwa uzalendo wakati wa vita, zote zilikuwa karatasi za kuwashia jiko. Jeshi la serikali kuu lilikuwa limeingia Thuringia, jimbo lenye mji wa Jena, kuondoa utawala wa mrengo wa kushoto. Katika hali hiyo, posho ndogo aliyokubaliwa miaka ile ya mwisho kutoka Unguja, zama za Sayyid Khalifa bin Haroub, ilikuwa na uzito usiolingana na kiasi chake. Kwa zaidi ya nusu karne alikuwa amedai haki yake katika mali ya baba na ndugu zake akanyimwa. Ilipofika senti chache za kwao, zilimkuta bibi kizee katika nchi ambayo fedha yake yenyewe imekufa.

Upo upande mwingine wa mali hiyo ambao haifai kuupita kimya. Mashamba ya Kisimbani na Bububu aliyoyakumbuka kwa hamu yalilimwa na watumwa, na katika kitabu chake Salme aliutetea utumwa, akiwakejeli Wazungu walioulaani. Wako mabibi wengine wa vuli zilezile, waliochuma karafuu mpaka vidole vikawa vyeusi, waliopata uhuru kwa amri ya 1897 au waliofariki kabla yake. Hao hawakuwa na mfupa wa ngamia wa kuandikia, wala mchapaji wa Berlin. Hamu ya Salme ni ya kweli. Hata hivyo shamba alilolitamani lilikuwa na wenye maumivu yao.

Alifariki kwa ugonjwa wa mapafu mwishoni mwa baridi hiyo, siku ambayo kalenda ya Wazungu huitoa mara moja tu katika miaka minne. Alizikwa Ohlsdorf, Hamburg, katika kaburi la ukoo wa Ruete. Husimuliwa kuwa katika vitu vyake kulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, ukatiwa kaburini pamoja naye.

Mwanawe Rudolph Said alichapisha mwaka 1929 kitabu juu ya babu yake, Said bin Sultan, na baadaye akaitoa maktaba yake kwa wanazuoni wa Leiden, Uholanzi. Mmoja wa wajukuu, binti wa Rudolph Said aliyezaliwa 1910, aliitwa Salme. Antonie aliuawa na mabomu mwezi Aprili 1945. Na katika karatasi za marehemu ilipatikana kazi nyingine, barua ndefu kwa rafiki asiyetajwa jina aliyebaki Unguja, zinazoeleza baridi, ujane, na upweke wa Ulaya, yale ambayo kitabu cha 1886 hakikuyasema. Zimeandikwa kana kwamba yupo mtu kwao anayezisubiri. Zimeandikwa kwa Kijerumani. Zilichapwa kwa Kiingereza mwaka 1993, miaka 69 baada ya kifo chake.