Mtaa Uliotangulia Usiku: Ngozi, Upepo na Asili ya Zeytinburnu

Neno la Kituruki gecekondu limeunganishwa kutokana na maneno mawili: gece, yaani usiku, na kondu, yaani ilitua. Ndiyo nyumba iliyotua usiku. Simulizi maarufu inaeleza kwamba mhamiaji aliyefanikiwa kuezeka paa kabla ya jua kuchomoza hakuweza kubomolewa nyumba yake bila amri ya mahakama. Kwa Kiswahili tumezoea kulifasiri neno hilo kwa "makazi holela", na tafsiri hiyo imekubalika bila ubishi. Makala haya yanaipinga. Kasoro yake si ya lugha tu. Neno holela linabeba nadharia nzima ya historia: kwamba maskini walifika, wakajenga popote walipoona nafasi, na mpangilio ukaja baadaye kwa mkono wa serikali. Zeytinburnu, wilaya ya Istanbul inayotajwa mara kwa mara kuwa chimbuko la gecekondu za mji huo, inatoa ushahidi wa kinyume.

Kuhusu mambo ya msingi hakuna mgogoro. Wilaya iko kwenye ufuo wa Bahari ya Marmara, nje tu ya kuta za Theodosius za karne ya 5, upande wa magharibi wa mji mkongwe. Jina lake lina maana ya rasi ya zeituni. Nyumba za usiku zilianza kuongezeka kwa kasi katika nusu ya pili ya miaka ya 1940. Mwaka 1957 eneo likawa wilaya kamili. Leo lina wakazi wapatao 280,000.

Mgogoro unaanza pale tunapouliza: kwa nini hapo? Kemal Karpat, katika kitabu chake cha 1976 kuhusu gecekondu ambacho bado kinatawala uwanja huu, anaanzia kijijini. Anamfuata mhamiaji kutoka Anatolia hadi mjini na kuonyesha jinsi anavyojenga maisha mapya bila kukata mizizi. Ni kazi ninayoiheshimu. Lakini makazi matatu aliyoyachunguza yako kwenye vilima vya Bosporus, na tatizo ni kwamba wasomaji wake wamevichukua vilima vile kuwa kielelezo cha Istanbul nzima. Charles Hart, mwanaanthropolojia aliyeongoza utafiti Zeytinburnu kwenyewe na kuuchapisha mwaka 1969, ndiye aliyepaswa kusomwa kwanza. Hasomwi sana, na hata yeye aliyakuta makazi yakiwa yamekwisha kusimama. Wote wawili wanamtazama aliyefika. Mimi nataka tutazame alikofika.

Baada ya kuiteka Konstantinopoli mwaka 1453, Sultani Mehmed II aliagiza machinjio na viwanda vya ngozi viwekwe nje ya kuta, Kazlıçeşme, ndani ya Zeytinburnu ya leo, mahali palipopewa jina la bomba la maji lenye sanamu ya bata bukini. Uamuzi huo wa karne ya 15 ndio ninaouona kuwa tendo la kwanza la upangaji wa Zeytinburnu, na ulikuwa na akili kubwa ya kijiografia. Fundi wa ngozi anahitaji mambo manne: ngozi mbichi kutoka machinjioni, maji mengi, mahali pa kumwaga maji machafu, na majirani wachache wa kulalamika. Kazlıçeşme palikuwa na yote. Bahari ilipokea taka. Tena, upepo unaovuma zaidi Istanbul ni poyraz, unaotoka kaskazini-mashariki kama kaskazi ya pwani yetu. Kwa kuwa mahali hapo pako kusini-magharibi mwa mji, uvundo wa ngozi, chokaa na kinyesi cha mbwa kilichotumika kuzilainisha ulisukumwa baharini, mbali na pua za mji. Ni pale tu ulipovuma lodos, upepo wa kusini-magharibi, ndipo mji ulipokumbushwa nani anayeutengenezea viatu.

Watu hawa hawakuwa kundi lisilo na utaratibu. Chama cha mafundi ngozi kilikuwa miongoni mwa vyama vyenye heshima kubwa katika dola ya Osmani, na msimamizi wao wa kiroho, Ahi Evran, alikuwa mwenyewe fundi wa ngozi. Viwanda vilidumu Kazlıçeşme hadi miaka ya 1990, vilipohamishiwa Tuzla. Huo ni muda wa zaidi ya karne tano. Hakuna mtaa wa Istanbul ninaoujua ambao kazi moja imeushika kwa muda mrefu hivyo.

Yaliyofuata yalipita katika njia iliyokwisha kuchongwa. Miaka ya 1840 dola ilijenga viwanda vya chuma na nguo katika ukanda huohuo wa magharibi, chini ya usimamizi wa familia ya Kiarmenia ya Dadian. Mwaka 1871 reli kutoka Yedikule hadi Küçükçekmece ilipita hapo. Kwa hiyo mhamiaji wa 1947 hakutua gizani. Alitua penye ajira, reli, na ardhi ambayo wenye uwezo walikuwa wameikwepa kwa vizazi kwa sababu ya harufu. Nyumba ilijengwa usiku mmoja. Kiwanja kilikuwa kikiandaliwa tangu zama za Sultani.

Kisa cha Wakazaki kinaipa hoja hii nguvu zaidi. Waliikimbia Xinjiang, wakavuka Himalaya hadi Kashmir, na mwaka 1952 Uturuki ikakubali kuwapokea. Baadhi yao walifikia katika nyumba za wageni za serikali Zeytinburnu. Walikuwa wafugaji; ngozi waliijua tangu utotoni. Wakaishia kushona na kuuza makoti ya ngozi. Mtu anaweza kusema ni serikali iliyowaleta, si viwanda. Ni kweli, na ndiyo maana neno holela linazidi kupwaya.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wakazi wengi hawakuwahi kugusa ngozi: walifanya kazi za ujenzi, nguo na biashara ndogo. Nalikubali hilo. Hata hivyo, hoja yangu haihusu kazi ya kila mkazi, inahusu bei na sifa ya ardhi, na hizo ziliamuliwa na ngozi. Kuhusu vilima vya Bosporus, huko pengine Karpat yuko sahihi.

Jambo hili lina uzito wa kisera. Tangu sheria ya umiliki wa ghorofa ya 1965, nyumba nyingi za usiku ziligeuka majengo ya fleti. Baada ya tetemeko la Agosti 1999 Zeytinburnu ikachaguliwa kuwa eneo la majaribio la kujikinga na matetemeko, na sheria namba 6306 ya 2012 ikatoa mamlaka makubwa ya kubomoa majengo yenye hatari. Hatari ni ya kweli. Sitaki yeyote alale chini ya zege bovu. Lakini mkazi anayehesabiwa kuwa wa bahati nasibu huhamishwa kwa urahisi kuliko anayetambuliwa kuwa sehemu ya mpango wa karne tano. Wakati huohuo, ufuo ulioachwa na viwanda ulipandishwa minara ya kifahari, ikiwemo ile mitatu iliyoharibu mandhari ya Msikiti wa Sultanahmet hadi mahakama ikafuta vibali vyake. Harufu ilipoondoka, bahari ikawa na bei.

Nadiriki kusema kwamba historia ya mitaa yote ya wafanyakazi ya Istanbul inapaswa kuanza na upepo na mfereji wa maji machafu kabla ya kufika kijijini. Dai hili ni pana kuliko ushahidi wa wilaya moja. Mahali pa kulipima ni Tuzla, viwanda vilikohamia: nani aliishi kandokando ya eneo lile kabla ya ngozi kufika, nani alifuata, na ardhi ya upande unaopokea upepo ilinunuliwa na nani.